Vile viazi vitamu viwili vilimpitisha mjukuu wangu organic chemistry

Wakuu, habari zenu. Mimi ni susu wa watu, yaani nyanya, niko hapa kijijini Ekalakala, nilisoma mpaka darasa la tatu. Haya yalitendeka jikoni kwangu. Asiyeamini ni shauri yake.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili, mwanzo-mwanzo. Mjukuu wangu Mwende alikuwa university, mwaka wa pili. Akaanguka organic chemistry. Akapewa supplementary, ule mtihani wa kurudia, na akianguka tena, course imeisha, arudi nyumbani.

Akaja kwangu kusoma, macho yamefura.

"Nionyeshe hicho kinakuliza."

"Susu, hii si kyondo, si kikapu cha kusuka."

"Kwani nimesema ni kyondo? Lete."

Akanieleza. Carbon iko na mikono minne, kila mmoja umeshika kitu tofauti. Mkono unaokuja kwako unachorwa mstari mnene. Unaoenda nyuma, vistari vya kukatika. Sasa kuna reaction ambapo mgeni anaingia kwa mlango wa nyuma, anasukuma mmoja nje, na wale watatu wanageuka kama mwavuli ukipigwa na upepo.

Nikaangalia daftari. Kila mahali mgeni amekaa kwa kiti kile kile cha aliyetoka.

"Huyu amepitia nyuma, mbona umemkalisha mbele?"

"Si ni sawa tu? Ukizungusha inakuwa ile ile."

Hapo nikajua shida iko wapi.

Kando kidogo: mimi ni wa mkono wa kushoto. Nikisokota uzi wa makonge kwa paja, msokoto wangu unalala upande mwingine, si kama wa wanawake wenzangu. Geuza huo uzi juu chini, bado unalala hivyo hivyo. Uchanganye na wao, kamba inafunguka. Kwa kikundi chetu cha kusuka huwa wananiambia, "Wewe kaa na kyondo chako."

Basi nikachukua viazi vitamu viwili. Kila kimoja nikadunga vijiti vinne, kila kijiti uzi wa rangi yake. Kimoja nikapanga vile alichora yeye. Cha pili, mgeni nikamweka nyuma, na wale watatu nikawageuza mbele.

"Zungusha mpaka vifanane."

Nikaosha vyombo vyote, bado anazungusha.

"Vinakataa, susu."

"Vitakataa mpaka uwe na mvi kama zangu."

Halafu akachukua kalamu.

Wiki nzima alichora, mimi nakagua kwa kiazi. Majina ya hizo dawa sikujua hata moja, lakini rangi nazijua. "Hii umekosea. Rudia." Akaanza kuniita Profesa Makonge. Jina nikalipokea.

Akaenda kufanya mtihani. Siku ya majibu akapiga simu kwa duka la jirani pale sokoni, nikaitwa.

"Susu, nimepita. Ile ya kuchora nimepata yote."

Niliimba kutoka dukani mpaka mlangoni kwangu. Soko lote likasimama kuniangalia. Wacha waangalie.

Leo Mwende anafundisha hiyo hiyo chemistry.

Nilichojifunza: kitu kikikataa kwa karatasi, kishike kwa mkono. Na usimfukuze mtu kwa daftari lako eti hakusoma.

Wewe ni nani alikutoa kwa shimo la masomo? Andika hapa chini. Na kama kuna mwalimu anayeona nimekosea, aseme tu. Mwende atamjibu.