Fotei Yenye Nililowesha Kama Muhogo

Ninyi vijana, wenye munajua kusoma kuliko mimi, mutaona maandishi yangu imepinda. Someni tu. Niliishia darasa la tatu, nikabakia kulima maharagi hapa Kibabi. Sitafuti muntu anihurumie. Nataka mujue vile niliosha fotei.

Muzee wangu, baba ya watoto wangu, aliugua kifua. Miguu ilivimba, na akilala chali pumzi inakatika, anashika ukuta kama muntu mwenye anazama. Munganga alisema asilale tena. Akae, aegemee kitu laini, njo atapata usingizi. Sisi tulikuwa na viti vya mbao na mikeka, basi. Nikasikia kama familia moja ya wafugaji kule Burungu inahama na inaacha fotei yake, kile kiti kikubwa cha mito. Tukabadilishana na maharagi, ikaletwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, imefungwa kamba.

Ilifika ikinuka. Maziwa ya kuchacha, mikojo ya mutoto, moshi, na kitu ingine yenye sikuijua. Muzee alikuwa karibu na mulango, ameegemea magunia ya maharagi.

"Muiweke hapa," akasema. "Niikalie."

"Na hii harufu? Wamama wa kanisa wanakuja kukuombea. Watasema nini?"

"Watasema nimekaa."

Nikamukatalia. Haya yangu ilikuwa kubwa kuliko kifua chake.

Jirani yetu, mama mwenye alikimbia vita kutoka Ntoto, akaja kuangalia. "Dada, usitie maji. Mwaga majivu makavu juu yake, piga na fimbo, weka makaa ya baridi chini. Jua itamaliza."

"Kwenu Ntoto njo munaosha na majivu?"

"Kwetu fotei hatuna. Lakini matela za kulalia tuko nazo, na watoto wanakojoa."

Watu wenye waliileta wakacheka. Mimi sikucheka. Maisha yangu yote nimelowesha muhogo: siku tatu ndani ya maji, uchungu inatoka, harufu inatoka. Nikaona ni kazi moja. Nikafumua mito ya fotei, nikatoa musi yote, ile kitu laini ya ndani, nikaizamisha mu shimo letu la muhogo na kuweka mawe juu.

Siku ya tatu niliitoa. Maziwa ilikuwa imekwisha, kweli. Lakini musi si muhogo. Unakamua, inatoa maji. Unakamua tena, inatoa maji. Nilipanda juu yake, nikaikanyaga mpaka magoti ikaniuma. Tukaianika juu ya bati, na hiyo ilikuwa miezi ya mvua. Jua ilikuwa inatoka muda wa kuchemsha chai, kisha ukungu unarudi mulimani. Tukaipeleka jikoni karibu na moto, ikashika moshi. Wiki ya pili ulikuwa ukiigusa unasema imekauka. Ukiifinya, maji. Ikaanza kunuka matope.

Kila asubuhi muzee, kwenye magunia yake, aliniuliza, "Mama, muhogo wako iko tayari? Utatwanga lini?" Aliuliza akicheka, na kicheko ilimukata pumzi. Yule mama wa Ntoto alikuwa anapita njiani na jembe, anaona musi juu ya bati, anaendelea shambani. Ningependa anitukane.

Mara ya mwisho muzee aliuliza bila kucheka: "Leo inakauka?"

Nikamwambia kesho.

Hiyo kesho alikufa, saa ya uji, amekaa juu ya maharagi, kichwa kwenye ukuta. Wakati wa kumuosha niliona mugongo wake. Magunia ilikuwa imemuchora alama, mistari mistari, na haikutoka na maji.

Watu wakaanza kuja. Mukamwana wangu akarudisha musi ndani ya mito, mito ndani ya fotei, kisha akaleta ndoo, sabuni na majani ya mukaratusi. Akapiga magoti, akaanza kusugua mahali pa kuegemeza mikono.

"Mama, wageni watakaa wapi? Hii iko inanuka."

Wamama wa kanisa walikuwa wamekwisha kufika kwenye kiwanja, wanavua viatu.

"Weka ndoo chini," nikamwambia. "Muntu asiiguse tena. Waingie, wakae pale, wanuse."