Mimi na Mama Harusi Tukingoja Bahari Irudi

Nimeandika haya mara tatu kwenye daftari na kuyafuta mara mbili, kwa sababu kila nikiyasoma naona nimejipendelea. Niliishia darasa la saba, na kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kumenya mananasi kiwandani hapa Thika, kwa hivyo anayesoma anivumilie. Nitajaribu kusema haki.

Mwanangu na mke wake wanafanya kazi Uingereza. Walipopata mtoto wa kwanza, msichana, walituita sisi mama zao wawili twende tumwone. Mimi nakaa Makongeni, hapa hapa Thika, ingawa kwetu kwa asili ni magharibi, upande wa Kakamega. Mama ya mke wa mwanangu ni Mkikuyu, mkulima wa Ngoliba. Tangu siku ya harusi ya watoto wetu pale Ruiru nimekuwa nikimwita Mama Harusi, naye huniita muthoniwa, yaani mkwe wangu. Nimeishi karibu na Wakikuyu miaka mingi, lakini ni yeye aliyenifunza kwamba neno hilo limetoka kwa thoni, aibu. Mkwe ni mtu wa kumwonea aibu. Hucheki ovyo mbele yake, huvui kitambaa cha kichwa, na hulali naye chumba kimoja.

Watoto wetu walikuwa wamesahau hayo, au walijifanya wamesahau. Wiki ya tatu walitulipia safari ya siku nne kwa basi, pamoja na wazee wa Kiingereza, kwenda mji mmoja wa pwani na mashamba ya karibu nao. Mwanangu alisema, "Mkapumzike." Mke wake, ambaye hazungushi maneno, akasema, "Mkirudi muwe mmekubaliana. Jumatatu tunaenda kumwandikisha mtoto. Mkishindwa, tutampa jina la ua."

"Ua gani?" Mama Harusi akauliza.

"Lolote, mami. La hapa hapa."

Shida ilikuwa hii. Kwa Wakikuyu, msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, na hapo ni mimi; wa pili ndiye huchukua la mama ya mama yake. Mama Harusi alianza kumwita mtoto kwa jina langu siku ya kwanza, hata kabla hajavua koti. Kwetu jina ni la mtu aliyetangulia. Ukiona mtoto anapewa jina lako na wewe bado unapumua, unajiuliza wanakuharakishia nini. Jina nililolitaka mimi ni la marehemu mama mkwe wangu, aliyemlea mwanangu miaka yote ambayo nilikuwa kwenye zamu kiwandani. Sikumlipa chochote, na niliona hilo ndilo deni langu. Kwa hivyo tulipopanda basi tulikaa kiti kimoja kama watu waliokutana kwa daktari.

Kabla dreva hajawasha injini, Mama Harusi alisimama katikati ya viti, akafumba macho na kuikabidhi safari kwa Mungu, kwa Kikuyu, kwa sauti ya kanisani. Wale wazee walinyamaza wote. Aliposema amina, wakampigia makofi. Niliona haya nikageukia dirishani. Lakini nikisema haki, mimi mwenyewe nilikuwa natamani mtu asimame aombe. Ni kuthubutu tu nilikosa.

Njiani ilikuwa ni mashamba matupu, ya kijani hadi macho yanachoka. Kule Ngoliba mvua ni ya kubahatisha, na Mama Harusi hulisha ng'ombe wake mmoja kwa mabua ya mahindi. Aliweka kiganja kwenye kioo.

"Muthoniwa, angalia nyasi. Hakuna mtu anakata!"

"Labda ng'ombe wa huku wanajikatia."

Alicheka, kisha akakumbuka ni mimi, akaziba mdomo.

Hotelini tulipewa chumba kimoja chenye vitanda viwili, na katikati nafasi ya kupitisha mguu. Tulibadilisha nguo kwa zamu bafuni. Asubuhi nilipofungua macho nilimwona amelala akitazama ukuta, blanketi hadi masikioni, kitambaa kichwani kimekazwa kama changu. Hatukuwa tumegusa jambo la jina. Zilikuwa zimebaki siku tatu za kulizungumza, na kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake aanze.

Siku hiyo dreva alitushusha mbele ya bahari, na bahari haikuwepo. Kulikuwa na tope tu, limeenda mpaka mbali, na punda sita wenye matandiko wakisubiri watoto wa kubeba.

"Bahali iko wapi?" Mama Harusi akauliza.

"Bahari," nikamsahihisha.

"Hata ukiiita namna gani, haipo."

Hapo alinishinda. Tukamuuliza mzee mmoja wa basi letu, naye akatueleza polepole, kama anaongea na watoto, kwamba maji huondoka na hurudi, na yatarudi saa kumi. Sisi wawili hata Mombasa hatujawahi kufika. Bahari ya kwetu hatujaiona, tumekuja kuona ya wenyewe, nayo imetoka kidogo kama mwenye duka aliyeenda kula. Tukaamua kuingoja. Tulinunua chipsi, tukakaa kwenye benchi, upepo ukitupiga kama tuna makosa.

"Waru ni nzuri," Mama Harusi akasema, maana hivyo ndivyo wao huita viazi. "Lakini nani amezimwagia siki?"

Kabla sijajibu, ndege mmoja mkubwa mweupe alishuka, akachukua chipsi mkononi mwa Mama Harusi na kupaa nazo.

"Mwizi! Shikeni huyo!" Mama Harusi alipiga kelele kama yuko sokoni Thika, amesimama, kidole juu. Watu wote wakageuka, na punda pia. Mimi nilicheka hadi nikainama, upepo ukanivua kitambaa ukakitupa chini ya benchi.

Alikiokota yeye. Hakunipa mara moja. Alikuwa anaangalia kichwa changu.

"Kumbe una mvi hivyo?"

"Nifanyeje?"

"Ni kama zangu." Akafungua kitambaa chake kidogo kwa mbele, nikaona. Kisha akakaa na kuniuliza jambo ambalo nafikiri alikuwa amelibeba wiki tatu. "Muthoniwa, mbona unakataa kuzaliwa?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba kwao mtoto akipewa jina lako, watu husema umezaliwa. Wanakuja kukupongeza. Mtoto akipiga chafya, wanakuuliza wewe kama umepata homa.

"Mimi nilidhani unanizika," nikasema.

"Ngai! Mimi nakuzaa, wewe unasema nakuzika?"

Nikamweleza ya kwetu, na ya mama mkwe wangu. Alinisikiliza hadi mwisho, nampa hiyo sifa. Kisha akasema yeye alidhani nakataa kwa sababu wanaonipa ni Wakikuyu, kwamba naona jina langu litachafuka. Nilitaka kuapa kwamba sivyo. Lakini nimesema nitaandika haki: siku moja niliwahi kufikiri, hawa watu wametuchukulia kijana, sasa wanataka na jina. Sikumwambia. Naandika hapa.

Ili kumaliza maneno kwa uzuri nikasema, "Basi hata tukigawana. Huyu akichukua la upande wetu, wa pili atakuwa wewe."

Alikunja karatasi ya chipsi mara nne.

"Hakuna wa pili," akasema. "Daktari alimkataza binti yangu kuzaa tena. Nusura tumpoteze na huyu mmoja. Walikuficha usiumie."

Nikakumbuka kwamba yeye hana mtoto mwingine. Ni huyo msichana peke yake. Mimi nina watoto watano, na jina langu lingepata njia nyingine hata baada ya mimi kufa. Yeye alikuwa na mlango mmoja tu, na alisimama akanifungulia mimi nipite.

"Na ulijua hayo ukiendelea kumwita kwa jina langu?"

"Zamu ni zamu, muthoniwa. Siwezi kuruka laini."

Nilipoinua macho, maji yalikuwa karibu na punda, na sikuwa nimeona yalivyoanza kuja. Wenye punda walikuwa wakiwasogeza juu.

"Mpe lako," nikasema.

"Nitaonekana nimeiba."

"Basi apewe yote mawili. Langu mbele, kwa sababu ya zamu yako hiyo. Lako linafuata."

"Na la yule mama yenu?"

"Hilo ni la kulia. Kwetu mtoto akilia sana, anaitwa jina la aliyetangulia mpaka anyamaze. Halihitaji karatasi."

Alifikiria, midomo ikihesabu. "Kitoto kidogo hivyo, na ndani kuna wazee watatu."

"Ndiyo maana halali."

Tulicheka, na safari hii hakuziba mdomo. Mpaka leo sijui kama nilikubali kwa moyo mweupe au kwa kuona haya mbele ya mtu aliyenizidi wema. Labda ni yote mawili. Bahari ilipofika kwenye ukuta ulio mbele ya benchi letu, tulikuwa tumeshachelewa basi, dreva akaja kututafuta kwa miguu.

Jumatatu mke wa mwanangu aliandika majina mawili. Akatuangalia. "Sasa nani alishindwa?"

"Mimi," Mama Harusi akamjibu. "Ndege alinilia waru."

Tulirudi Kenya mwezi uliofuata. Siku za kwanza, nakiri, kila asubuhi nilikuwa najipapasa kuona kama bado nipo. Mwanangu husema mtoto akilia humnong'oneza jina la bibi yake aliyemlea, na pengine hunyamaza, na pengine hulia zaidi. Mama mkwe wangu alikuwa hivyo hivyo. Habari nyingine huniletea Mama Harusi, kwa sababu binti yake humpigia kwanza, na sioni vibaya. Jana alinipigia kutoka Ngoliba nikiwa naanika nguo.

"Muthoniwa, tumeota jino."

"La juu ama la chini?"

"La chini."

"Na homa?"

"Kidogo tu. Wewe unaendelea aje?"

"Naendelea vizuri," nikasema. "Limeuma kidogo."