Muziki wa Kushikiza

Nyumbani walimwita Kimya, maana muziki wake ulijaa mapumziko marefu hivi kwamba shangazi yake aliwahi kupiga makofi mara tatu kabla haujaisha. Alitunga muziki wa ukumbini, ule unaosikilizwa na watu arobaini, nusu yao ndugu. Filamu zilipoanza kumtafuta, akachanganya yote mawili. Wa ukumbini wakasema amejiuza, wa filamu wakasema usomi umemzidi. Mshika mawili moja humponyoka, naye hata hakujua ni lipi lililomponyoka.

Safari hii ilikuwa filamu ya mama anayefunga mlango wa nyumba aliyoiuza. Mhariri wa filamu, kama ilivyo desturi yao, alikuwa ameweka chini ya picha muziki wa kushikiza tu, wa yeyote yule, ili mwongozaji aone mwendo wa tukio hadi mtunzi alete wa kwake. Balaa ni kwamba mwongozaji aliupenda huo wa kushikiza kupita kiasi.

"Umekaribia, umekaribia kabisa," alisema alipoletewa jaribio la kwanza. Kufikia la tano alikuwa amekunja uso. "Ndugu yangu, ni mzuri, ila hauumi. Ule wa kushikiza unauma. Ijumaa nisipopata, itabidi nimpe mwingine."

Kimya alirudi nyumbani kichwa kimemvurugika. Akaufungulia ule muziki kwa mara ya ishirini. Piano ilijikokota, na juu yake ala nzito ya nyuzi asiyoweza kuitambua. Alimwonea wivu aliyeutunga. Akaandika noti tatu, akazifuta, akaandika zilezile. Hivi yeye bado ni mtunzi, au ni mtu mwenye piano tu?

Chumba cha pili, cherehani ya dada yake ikanyamaza. Dada akaja mlangoni, futi shingoni.

"Mbona leo unaupiga ule wa mama?"

"Upi wa mama?"

"Wewe! Ule uliomtungia mwaka aliofariki. Ila umeuchelewesha, unakwenda kama mgonjwa."

"Dada, huu si wangu."

"Nilikaa mstari wa mbele nikihesabu hayo mapumziko yako ili nisilie. Nne, sita, halafu moja lisiloisha. Usinifundishe mimi."

Kimya akauongeza mwendo maradufu kwenye kompyuta. Ala nzito ikapanda sauti, ikawa fidla. Ulikuwa wake. Alipoomba kazi ya filamu hii alituma rekodi zake zote kwa mkupuo. Huu hakuwa amethubutu kuusikiliza kwa miaka minane. Mhariri aliuokota humo, akaupunguza mwendo nusu ili utoshe kwenye mlango wa yule mama.

Dada alicheka hadi akashika ukuta, kisha akafuta macho kwa kitambaa cha mteja. Kimya hakujua acheke au alie. Kama ni wake, mbona ameshindwa kuutunga mara tano?

Akampigia mwongozaji simu.

"Tumia uleule."

"Aliyeutunga atakubali?"

Kimya akaitazama mikono yake juu ya piano. Vidole vilikuwa vyake, hilo alikuwa na hakika nalo.

"Sijui," akasema. "Ngoja nimtafute."