Nyumba Isiyoonekana Kutoka Barabarani

Ofisini walimwita Fuko, na jina hilo alipewa na bosi. Alikuwa msanifu majengo kijana, ameweka mezani ramani ya nyumba iliyolala ubavuni mwa mlima, paa lake udongo na nyasi. Bosi aliigeuza huku na huku kama anayetafuta mkia wa chura.

"Binti, hii ni nyumba au shimo la fuko?"

Ofisi nzima ilicheka. Naye alicheka, mshahara ulikuwa haujatoka. Mwaka uliofuata ramani ileile ilishinda tuzo, ikatundikwa mapokezi ndani ya fremu ikiwa na jina la bosi. Fuko aliikuta asubuhi, mwavuli ukichuruzika mkononi. Aliacha kazi, akafungua ofisi yake juu ya duka la vioo. Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja: bosi alitamke jina lake kamili, kwa kinywa chake, mbele ya watu.

Miaka ikapita. Siku moja mke wa bosi alipanda ngazi za ofisi ile akihema. Alirithi kiwanja mlimani, akataka nyumba ya uzeeni isiyouharibu mlima.

"Mume wangu anataka ghorofa na nguzo nyeupe. Nimemwambia kiwanja ni cha marehemu baba, yeye aje na viatu vyake tu."

"Anajua umekuja kwangu, mama?"

"Anajua, na hataki. Nikimuuliza sababu, anakohoa."

Fuko angeweza kumjengea nyumba mbovu, lakini hicho ni kisasi cha wavivu. Alipanda mlimani mvua ikinyesha, akaangalia maji yanapita wapi, akaiweka nyumba yasikopita. Kuta alizijenga kwa mawe yaliyochimbwa palepale. Madirisha aliyasukuma ndani, vioo visimetemete juani. Nyasi zilipoota juu ya paa, kutoka barabarani ulionekana mlima tu. Bosi, mtu aliyeishi ili aonekane, alikuwa amepata makao yasiyoonekana.

"Wageni watapotea, mama," Fuko alisema. "Tuweke jiwe penye njia panda, lenye jina la msanifu."

"Weka hata mawili."

Siku ya kuwakaribisha wageni, bosi aliwaita wakubwa wenzake wote. Fuko naye alialikwa na mama mwenye nyumba. Aliegesha gari kando ya jiwe, akapiga simu.

"Bosi, nimepotea."

"Umepoteaje? Si wewe uliyeichora?"

Nyuma ya bosi mazungumzo ya wageni yalikatika.

"Fuko haoni vizuri mchana, bosi. Nielekeze."

"Ukipita kona, kuna jiwe kushoto."

"Mawe ni mengi huku."

"Lenye maandishi."

"Yanasemaje?"

Bilauri iligonga meza. Kisha bosi akalitamka, majina yote matatu, neno moja moja, kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa.

"Rudia, bosi. Mtandao unakatakata."

Akarudia, kwa sauti zaidi. Nyuma yake mgeni mmoja aliuliza, "Nani huyo?" na mke wa bosi akajibu, "Ndiye aliyeijenga."

Mtandao ulikuwa safi kabisa. Fuko alikata simu, akageuza gari, akarudi mjini.