Mama Nje ya Meza

Nimefundisha dini na falsafa hapa Machakos mjini kwa miaka mingi hata swali la "Dini ni nini?" likitajwa tu nasikia usingizi. Kila muhula nalitoa, kila muhula wanafunzi wananijibu kwa maneno yale yale waliyoyatoa kwenye simu, nami nayapigia mstari mwekundu kana kwamba bado nina hasira. Sina. Hasira iliisha zamani, nimebaki na uchovu, na uchovu wenyewe si wa wanafunzi. Ulianzia Kangundo, kwa mama yangu.

Mama ni mjane, anakaribia miaka themanini, ana presha na miguu inayovimba. Kanisa letu ndilo maisha yake. Mimi ni mwanawe wa pili, na kwetu Wakamba mvulana wa pili hupewa jina la baba yake mama. Kwa hiyo tangu nizaliwe ameniita nau, yaani baba yangu. Hata kunichapa alinichapa kwa heshima: "Nau, hebu lala chini!"

Nilipokuwa nasomea shahada ya uzamifu nilitafuta watu wa kunieleza jinsi wazee wetu walivyoomba mvua. Nilizungushwa mpaka viatu vikaisha. Kila niliyemwuliza alidai hajui, yeye kaokoka zamani. Basi siku moja mama, akichambua ndengu jikoni, akaanza kuniambia bila kuulizwa. Mwaka ule mahindi yalipokaukia magotini, yeye na wanawake wengine wanne walitoka alfajiri, wakapeleka maziwa na unga wa wimbi kwenye ithembo, mahali pa kale pa kutambikia, wakamwomba Mungu mvua kama bibi zao walivyomwomba. Jumapili iliyofuata aliketi mstari wa mbele kanisani kama kawaida.

"Wale wanne wamekufa, nimebaki mimi," alisema. "Hii ni yako, nau. Usiipeleke mbali."

Nikasema sawa, mwaitu. Mwaitu ndiyo mama kwa Kikamba. Nilidhani kuficha jina lake ndiyo kutoipeleka mbali.

Jina nililificha kweli. Nikamwita Mtoa Habari wa Saba. Lakini sisi wasomi tuna ugonjwa wetu, tunataka msomaji aone kwa macho. Nikaandika kwamba Mtoa Habari wa Saba ni mjane, ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama, nyumba yake iko juu ya kiwanda cha kahawa, na mkono wake wa kushoto una kovu la moto. Ala! Kilichobaki ni picha tu. Watahini walinisifu kwa undani wa maelezo, nami nikavimba kichwa.

Tasnifu ikawekwa kwenye mtandao wa chuo. Mwanakwaya mmoja wa kanisa letu, anayesomea diploma, akaukuta ukurasa ule, akaupiga picha na kuurusha kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Kufikia saa ya chakula cha mchana, hakuna aliyehitaji kuuliza Mtoa Habari wa Saba ni nani. Mama akavuliwa kitambaa cha kikundi, akawekwa nje ya Meza ya Bwana. Maana yake anaketi nyuma kabisa, na mkate ukipita haumfikii. Na mtu akifa akiwa nje ya Meza, kanisa letu halimziki. Watu wa nyumbani hufukia wenyewe, bila mchungaji, bila wimbo. Mama haogopi kufa. Aliogopa hilo.

"Nitazikwa kama mbwa, nau?" aliniuliza.

Nikaenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa na makaratasi yangu. Niliwaeleza kwamba wanawake wale hawakumwomba mungu mwingine, na kwamba wamishonari wenyewe walichukua jina la Mungu kutoka midomoni mwa bibi zetu. Niliongea saa nzima, nilitoa jasho. Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu mwenye subira, alinisikiliza akitikisa kichwa kwa heshima.

"Mwalimu, hapo umesema vizuri sana, hata mimi nimejifunza," akasema. "Sasa niko na swali moja tu. Huyu mama alienda ama hakuenda?"

Nikaanza kupangapanga makaratasi yangu.

"Kama hakuenda, andika hapa useme hiyo maneno ulijitungia. Mistari miwili tu. Jumapili hii tunamrudisha Mezani."

Akanisogezea karatasi na kalamu. Mistari miwili! Mimi niliyeandika kurasa mia tatu. Lakini msomi aliyekiri kwamba alitunga ushahidi hana shahada, hana kazi, hana jina. Niliitazama ile kalamu weee, kisha nikasema naomba muda nifikirie. Sijawahi kujidharau kama nilivyojidharau nikiteremka ngazi za ofisi ile.

Nilimweleza mama yote, hata habari ya kalamu. Aliuliza tu kama nimekula.

Jumapili alisimama. Hakungoja kuitwa. Alishika benchi kwa mkono ule wenye kovu, akasema kwa Kikamba, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni:

"Mwanangu si mwongo, msimsumbue. Nilienda. Natubu."

Tukadhani amemaliza. Mchungaji alikuwa ameshainuka.

"Na kuna jingine ambalo hamkuniuliza. Tulikuwa watano. Wanne wamelala kaburini na midomo yao imefungwa. Mimi nilimwambia mwanangu. Hilo ndilo linalonitoa machozi."

Kweli akalia, na akina mama wakamzunguka, wakamfunga kitambaa chake palepale, wakampeleka mbele. Mkate ulipopita ulimfikia. Mimi nilikuwa mstari wa nyuma, nafasi aliyoiacha, nikilia pia, ila mimi hakuna aliyenifuata.

Nyumbani, wageni walipoondoka, nilipiga magoti jikoni kwenye sakafu yenye makapi ya ndengu. Nikasema, "Mwaitu, nisamehe."

"Nilishakusamehe," akajibu bila hata chembe ya uchungu, akanimiminia chai mpaka juu, kama apendavyo kumimina. "Kunywa ingali moto, mwalimu."

Ni mwaka wa pili sasa. Naenda kila Jumamosi, nampelekea dawa, namwuliza ameamkaje. Ananijibu vizuri, kwa adabu zote. Ananiita mwalimu.