Wavu Mpya wa Bayingana

Bayingana alikuwa mtu wa Jumamosi. Siku nyingine alizisukuma tu, ndani ya nyumba yake ya Nyarutarama, mtaa wa matajiri, yenye vyumba vingi kuliko watu. Mkewe alikwishafariki, watoto walikuwa Kanada, na ofisi aliyoitumikia maisha yake yote ilikwishamsahau. Jumamosi ikifika, alibeba mshipi wake wa kuvulia akaenda Ziwa Muhazi, upande wa Gasabo.

Samaki wenyewe hakuwa na shida nao. Aliwavua, akawatazama, akawarudisha majini. Wavuvi wa nyavu, wenye watoto wa kulisha, walimwangalia wakisonya: mtu mzima mzima anachezea chakula! Nao waungwana wa mshipi kutoka mjini walinung'unika kwamba nyavu zimejaa hata pa kutupa ndoano hakuna. Salamu baina yao zilikuwa za mdomoni tu.

Isipokuwa Munyakazi. Huyu alikuwa mvuvi wa nyavu, lakini alimpakia Bayingana mtumbwini mwake bila kinyongo. Alikuwa amevua samaki Goma miaka mingi, akarudi na Kiswahili chake. Bayingana naye alikulia Karagwe, Tanzania. Basi walikaa juu ya maji wakipiga soga kwa lugha ambayo Bayingana hakuwa na mtu mwingine wa kuisema naye tangu amzike mkewe. Hicho ndicho alichokifuata Muhazi, ingawa asingekiri hata kwa viboko.

"Mzee, samaki hii iko chakula," Munyakazi alizoea kumwambia. "Siku moja itakukasirikia."

"Ikinikasirikia itakuja kwako. Si wewe ndiye mwenye wavu?"

Jumamosi moja Munyakazi alishikwa na homa, Bayingana akaazima mtumbwi akaingia ziwani peke yake. Ndoano yake ikanasa kwenye wavu uliotegwa. Akavuta, ikazidi kukaza. Angekata mshipi wake, mambo yakaisha. Lakini alikuwa na hasira za mtu aliyekosa wa kuongea naye kutwa nzima, akachomoa kisu akakata wavu, na kamba yake pamoja. Nusu nzima ikazama. Ndipo alipoliona boya lenye kitambaa chekundu: wavu ulikuwa wa Munyakazi. Na wenzake Munyakazi walikuwa ufukweni, wanatazama.

Dawa yake aliijua. Baba yake aliitumia hata ukimbizini Karagwe. Aliyekosa hubeba ikigage, pombe ya mtama, akaenda mwenyewe kwa aliyemkosea, akakiri mbele ya majirani, wakanywa pamoja, yakaisha. Bayingana aliona haya. Akakae chini mbele ya watu wanaomsonya? Akanunua wavu mpya madukani Muhima, bora kuliko ule wa kwanza, akamtuma Ngabo, dereva wake, aupeleke. Mkono mtupu haulambwi, alijiambia. Ni kweli, ila mkono wenyewe aliuacha Nyarutarama.

Juma lililofuata alishuka ziwani. Munyakazi alikuwa akiupanga ule wavu mpya mtumbwini. Alisimama, akampa mkono wa kulia huku ameushika kwa wa kushoto, kama mtu anavyomsalimia mkubwa wa serikali.

"Umepona, ndugu yangu?" Bayingana aliuliza.

"*Murakoze cyane, nyakubahwa*," Munyakazi alijibu. Asante sana, mheshimiwa. Akaendelea kwa Kinyarwanda hicho hicho, cha adabu, kilichonyooka: wavu ni mzuri, ameshalipwa, hawadaiani tena kitu.

"Basi leo unanipakia?" Bayingana alisema, bado kwa Kiswahili.

Munyakazi akamwonyesha, kwa heshima zote, kijana wa hoteli anayekodisha boti kwa wageni. Kisha akasukuma mtumbwi, akapanda, na alipofika mbali kidogo akaanza kupigiana kelele za utani na wenzake.

Bayingana alisimama pale ufukweni mpaka viatu vikalowa. Akatamani angetukanwa, mradi atukanwe kwa Kiswahili.