Damu ya Ukoo wa Kinyozi

Asubuhi kinyozi alikuwa na mkono wa kupigiwa mfano. Ikifika alasiri, kope ya jicho la kushoto inashuka, mashine inamwelemea, na wateja wanakonyezana kwamba mzee kapiga mtungi. Pombe hajawahi kuionja, na kila akijitetea ndivyo wanavyozidi kucheka.

Hospitali walimwambia kinga ya mwili wake imemgeuka: badala ya kupambana na maradhi, inashambulia pale neva zinapopeleka amri kwenye misuli. Alipewa vidonge, vikamsaidia. Kilichomnyima usingizi ni binti yake aliyechumbiwa, maana mama wa mchumba alitaka kujua kabla ya harusi kama ugonjwa huo unarithiwa.

Daktari hakumzungusha. Wagonjwa wengi, alisema, hawamrithishi mtu. Ila wapo wanaozaliwa wakiwa wepesi kushikwa nao, na alama za wepesi huo kwenye damu hutofautiana kati ya jamii na jamii.

"Na sisi je?"

"Nyinyi hamjapimwa vya kutosha, mzee. Yaliyomo vitabuni ni ya watu wengine. Nikikupa jibu nitakuwa nakudanganya."

Kinyozi alitoka amefura. Ugonjwa ulimjua mpaka mlangoni kwake, ila vitabu havimjui! Wagonjwa wenzake wa jamii hizo nyingine wana majibu, yeye ana foleni ya hospitali. Daktari alikuwa amemwomba alete ndugu zake watolewe damu, wachunguzwe. Lakini mwenye kauli katika ukoo ni kaka yake mkubwa. Huyo akikataa, hakuna shangazi wala binamu atakayenyoosha mkono.

Kaka alipokuja kunyolewa jioni ile na kuelezwa ombi la daktari, alikataa katakata. Kutoa damu, alisema, ni kutangaza kwamba ukoo mzima ni mbovu. Akajitupa kwenye kiti, anyolewe bure kama kawaida yake, huku akiendelea kuhutubia.

Kinyozi alimwinamisha kichwa amnyoe kisogo. Kichwa kikainuka. Akamwinamisha tena, kikainuka tena. Hasira zikampanda, akatazama kwenye kioo amkaripie, na hapo akaona kwamba kaka yake alikuwa akiinua kichwa ili apate kuona, kwa kuwa kope zote mbili zilikuwa zimemwangukia.

Alizima mashine.

"Tangu lini, kaka?"



"Kabla yako," kaka alisema. "Na mimi nina mabinti watatu, mdogo wangu."